Je, Wajua? Nyaya za Zamani Ukutani

Je, wajua kuwa LUKU mpya si wayaringi mpya? Mita ni ya TANESCO, lakini kuanzia hapo kwenda ndani kila waya, swichi na soketi ni juu ya mwenye nyumba. Ukitafuta nyumba ya kupanga au kununua Nsemulwa, Mpanda, usiridhike kwa kuona taa inawaka.

Je, wajua kuwa rangi ya waya yaweza kukudanganya? Zamani, kwa utaratibu wa Kiingereza, nyekundu ilibeba moto, nyeusi ikawa nyutro. Kwenye fezi tatu, bluu nayo ilikuwa moto. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kubadilisha: kahawia ikawa moto, bluu nyutro, na nyeusi ikaingia kwenye nyaya za moto za fezi tatu. Nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo huweza kuwa na rangi za enzi zote mbili ndani ya boksi moja, na hapo fundi anayeamini macho yake badala ya kupima yuko hatarini.

Kabla ya plastiki, nyaya zilivikwa mpira. Mpira huo ukizeeka hukauka na kupasuka. Ukiukunja kidogo tu unapukutika na shaba inabaki wazi. Plastiki ya kawaida nayo huvumilia nyuzi joto 70 hivi, na waya uliolazwa chini ya bati kwenye jua kali la Mpanda huwa tayari na joto kabla ya kubeba mkondo.

Umeme wenyewe nao huongeza joto: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa kwenye waya huongezeka mara nne.

Je, wajua kuwa plagi ya pini tatu ikiwa na fyuzi ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,000? Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,500 kwenye ekstensheni moja vimeshapita hapo. Fyuzi ikikatika, asiwepo wa kuifunga kwa kipande cha waya.

Breka ya ampea 20 hulinda waya, haikulindi wewe. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30 tu, na nyumba nyingi za zamani hazina.

Je, wajua kazi ya tundu la juu la soketi? Pini ndefu ya ethi huingia kwanza na kufungua vizuizi vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asichomeke kitu. Tunapoingiza kalamu pale ili chaja ya pini mbili ipite, tunaondoa ulinzi huo kwa mikono yetu, mbele ya watoto wanaotuangalia. Naomba tuache.

Ethi hudhoofika ardhi ikikauka. Ipimwe kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Kipimo kizuri cha masika hakitoshi.

Soketi yenye doa la kahawia au harufu ya plastiki iliyoungua isitumike hata siku moja zaidi. Baadhi ya taa zikiwaka kwa ukali huku nyingine zikififia, huenda nyutro imelegea: zima men swichi, ita TANESCO.

Mwambie fundi akuoneshe leseni ya EWURA, kisha apime ganda la nyaya kwa mega, kipimo cha uvujaji wa umeme: volti 500, na jibu lisipungue megaomu 1. Moto ukizuka, usimwage maji umeme ukiwa bado unapita. Zima men swichi kama unaifikia salama, toa watu, piga 114.