Mtoto Anayeongoza Darasani: Tumpeleke Sekondari Gani?

Kila mwaka mwezi Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kuanzia hapo hadi shule zinapofunguliwa Januari, wazazi wengi wa Karatu na Ngorongoro hubaki na swali moja: huyu mtoto anayeongoza darasani tumpeleke sekondari gani? Swali hili humfikia pia paroko, katekista na kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza hapa, kwa ajili ya wazazi na kwa ajili ya mafrateri ambao kesho wataulizwa hivyohivyo wakiwa parokiani.

Si swali dogo. Familia inaweza kuuza ng'ombe ili kulipa ada ya shule yenye jina, kisha mtoto akarudishwa nyumbani akiwa kidato cha pili kwa kukosa ada. Inaweza pia kuiacha nafasi nzuri ya Serikali kwa sababu tu shule iko mbali na hakuna aliyewaeleza ni shule ya namna gani. Kote kuwili anayeumia ni mtoto.

Milango iliyopo

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Anayepata 241 na kuendelea yumo katika daraja A. Baada ya matokeo, Ofisi ya Rais TAMISEMI huwapangia watoto shule za Serikali. Wenye alama za juu kabisa hupelekwa shule za bweni za vipaji maalumu: wavulana Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Boys, wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Girls. Wapo wanaopangwa shule za ufundi kama Moshi, Tanga na Ifunda, na wapo wanaopangwa bweni za kawaida. Walio wengi hupangwa sekondari za kutwa zilizo karibu na nyumbani, zile tunazoziita shule za kata.

Mlango huu mzazi haufungui mwenyewe. Hachagui Ilboru wala Kilakala. Mtoto hupangwa kwa alama zake, na nafasi hizo ni chache kwa nchi nzima. Kazi ya mzazi ni kujua mapema kwamba mlango upo, na ukifunguka, asiufunge kwa kutokujua.

Mlango mwingine ni shule binafsi na za mashirika ya kitawa na majimbo. Na kwa wavulana wenye nia ya upadre upo mlango wa seminari ndogo: waamini wa Karatu wamo katika Jimbo la Mbulu, lenye Seminari ya Sanu, wa Ngorongoro wamo katika Jimbo Kuu la Arusha, lenye seminari ya Oldonyosambu. Shule hizi huwa na mitihani yao ya kujiunga, na mara nyingi hufanyika kabla matokeo ya darasa la saba hayajatoka. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kuuliza huwa amechelewa. Tunashauri wazazi waanze kuulizia kufikia Juni au Julai.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi itakuwa miaka sita. Kwa mpango huo, mwaka 2027 watamaliza pamoja darasa la saba na darasa la sita la kwanza la mtaala mpya, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mara moja. Wenye watoto katika madarasa hayo wajiandae mapema zaidi.

Tusome matokeo kwa utulivu

Wazazi wengi huchagua shule kwa jina lake au kwa basi lake lililopakwa rangi nzuri. Kipo kipimo bora zaidi, na hakina malipo. Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, na mwalimu yeyote au kijana mwenye simu anaweza kumsaidia mzazi kuyafungua.

Katika mtihani wa kidato cha nne, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, zikihesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Tusiangalie tu wangapi wamepata daraja la kwanza. Tuangalie wangapi walifanya mtihani, wangapi wamepata daraja la nne na sifuri, na hali ya Hisabati, Fizikia na Kemia ikoje. Shule inaweza kuwa na ufaulu mzuri wa jumla huku Hisabati ikiwa imelala. Kwa mtoto anayependa hesabu, hilo ni jambo la kuuliza.

Kisha tulinganishe miaka miwili. Chukua idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili, halafu idadi ya waliofanya kidato cha nne shuleni hapohapo miaka miwili baadaye. Tuseme kidato cha pili walikuwa 120 na kidato cha nne wamebaki 70. Wale 50 wamekwenda wapi? Huenda walihama kwa sababu za kawaida. Huenda pia waliondolewa ili matokeo ya shule yapendeze. Mzazi ana haki ya kumwuliza mkuu wa shule, na jibu atakalopewa litamfundisha mengi.

Lugha

Watoto wetu wengi huanza maisha kwa Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga, Kisonjo au Kihadza. Shuleni hujifunza kwa Kiswahili miaka saba. Wakifika kidato cha kwanza, masomo mengi hubadilika kuwa Kiingereza. Hapo mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anaweza kuwa wa thelathini, akikaa na waliosoma shule za msingi za Kiingereza. Akili yake haijapungua, amebadilishiwa lugha.

Mzazi asipolijua hili atamgombeza mtoto bure, na mtoto ataanza kuamini kwamba sifa zake za zamani zilikuwa za uongo. Kwa hiyo tuulize kila shule: mnawasaidiaje watoto waliotoka shule za Kiswahili? Wana miezi ya kwanza ya kujenga lugha, au mnaanza na Fizikia siku ya kwanza? Na ile miezi ya kungoja matokeo nyumbani isiishie kuchunga tu. Kitabu kimoja chepesi cha Kiingereza kwa wiki, pamoja na mtu wa kumsikiliza akisoma, kinatosha kuanzia.

Umbali na gharama

Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 msamaha huo umefika kidato cha tano na sita. Hata hivyo, mzazi atanunua sare, godoro, madaftari na vingine vilivyo kwenye fomu ya kujiunga, na atalipa nauli. Toka Karatu mjini hadi Arusha ni kama kilomita 140 za lami. Anayetoka Endulen au Nainokanoka ana barabara ya vumbi kwanza, na wakati wa mvua anaweza kulala njiani. Kumpeleka mtoto Tabora au Dodoma ni safari kubwa zaidi, na huenda na kurudi mara mbili kwa mwaka.

Kwa shule ya kulipia, tuhesabu miaka minne yote. Tuseme ada ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Hiyo ni milioni nane hadi kidato cha nne, kabla ya nauli na mahitaji mengine. Je, wadogo zake watatu watasoma kwa fedha gani? Tumwombe mhasibu wa shule orodha kamili ya michango kwa maandishi. Mavuno ya vitunguu Mang'ola huwa na mwaka mzuri na mwaka mbaya, na bei ya ng'ombe mnadani hushuka kiangazi kikikaza. Ada haishuki.

Seminari ndogo

Wapo wazazi wanaopenda seminari kwa kuwa ina nidhamu na hufaulisha, na ada yake mara nyingi ni nafuu kuliko ya shule nyingine za aina yake. Hayo ni mema, lakini hayatoshi kuwa sababu. Seminari ndogo ipo ili kulea mbegu ya wito. Mvulana anayepelekwa huko ili apate daraja la kwanza tu, huku akijua moyoni kwamba hataki upadre, hulazimika kuigiza miaka minne. Kuigiza huko humharibu kuliko shule dhaifu.

Upande wa pili, tusimzuie mvulana mwenye nia ya kweli kwa hofu kwamba akitoka atakuwa amepoteza muda. Hati ya Mtaguso kuhusu malezi ya mapadre, Optatam Totius ya mwaka 1965, inataka masomo ya seminari ndogo yapangwe ili kijana akichagua maisha mengine aweze kuendelea na shule kwingine bila shida. Anafanya mtihani uleule wa taifa. Mafrateri mnaosoma hapa, mnapoulizwa na wazazi, semeni yote mawili: seminari si njia ya mkato, na kutoka seminarini si aibu.

Binti anayeongoza darasani

Kwa binti, bweni lina uzito wake. Anayetembea saa mbili kwenda shule ya kutwa na saa mbili kurudi, kisha akachota maji na kupika, hana muda wa kusoma, na njiani hana usalama. Palipo na hosteli au bweni la wasichana, au ndugu wa kuaminika anayeishi karibu na shule, hilo litangulie jina la shule. Na tuseme wazi: binti aliyefaulu hapangiwi mume. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Vilevile, kumshawishi mtoto aandike majibu ya uongo ili afeli ni dhambi dhidi ya kipaji alichopewa na Mungu.

Akipangwa shule ya kata

Watoto wengi wenye akili wataishia shule ya kata, na hapo si mwisho. Baada ya kidato cha nne TAMISEMI hupanga tena, na shule kubwa kama Ilboru, Kibaha na Kilakala hupokea kidato cha tano kutoka popote. Mtoto wa Embarway au wa Baray mwenye pointi nzuri anaweza kukaa dawati moja na aliyesoma shule ya mamilioni.

Lakini shule ya kata inahitaji mkono wa mzazi. Tuulize kama kuna mwalimu wa Fizikia na wa Hisabati. Kama hayupo, wazazi kadhaa wanaweza kuchangia mwalimu wa muda, au parokia ikafungua chumba chenye taa na vitabu kwa jioni. Fedha za ada ya miezi michache ya shule ya kulipia zinaweza kununua vitabu vya kutumiwa na darasa zima.

Nani anaamua?

Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa mtoto, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 793, inawapa wajibu na haki ya kumlea na ya kuchagua njia za kufanya hivyo. Padre, mwalimu na mjomba mwenye fedha hushauri, hawaamui. Kanuni ya 798 inawataka wazazi waitumie shule ya Kikatoliki inapowezekana, na isipowezekana wahakikishe mtoto anapata malezi ya imani nje ya shule. Kwa hiyo anayempeleka mtoto shule ya Serikali hajatenda kosa. Amejitwalia kazi ya kuuliza kama kuna padre anayefika pale na kama wanafunzi Wakatoliki wana umoja wao.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Ana miaka 13 au 14, na anajua mambo ambayo sisi hatuyajui: kwamba anaogopa kulala mbali na mama, au kwamba anapenda kutengeneza redio kuliko kukariri historia. Huyo wa redio pengine shule ya ufundi ndiyo mahali pake, hata kama alama zake zinatosha kwingine.

Baba na mama wakae naye jioni moja, kabla ya Julai, wakiwa na karatasi: shule tatu, gharama za miaka minne za kila moja, njia ya kufika, na jina la mtu wa kumtazama mtoto akiugua huko. Shule isiyokuwa na jibu kwenye mstari huo wa mwisho tuifikirie mara mbili.