Mgongano wa Molekuli kwa Kanuni Mbili: Mfano wa Methani ya Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, ina takribani hekta 53,000 za mikoko. Katika tope lisilofikiwa na oksijeni, hasa pale maji baridi ya mto yanapopunguza chumvi, vijidudu huzalisha gesi ya methani. Ikishafika angani, gesi hiyo hudumu kwa wastani wa miaka 9 hivi. Sehemu yake kubwa huangamia inapogongana na haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoungana na haidrojeni moja, ambayo hupatikana kwa wingi katika hewa ya tropiki yenye jua kali na mvuke mwingi. Kwa kuwa methani hunasa joto, kasi ya mgongano huo inagusa hesabu zote za tabianchi. Makala haya yanafafanua namna inavyokokotolewa.

2.0 Sababu za Kuchanganya Kanuni

Katika mgongano huo, atomu moja ya haidrojeni huiacha kaboni na kujiunga na oksijeni, na hivyo maji hufanyika. Kwa kanuni za Newton, atomu isiyo na nishati ya kuvuka kizuizi kilichopo kati yao hurudi ilikotoka. Kwa kanuni za kwanta, atomu nyepesi kama hiyo huweza kukipenya. Hivyo, katika baridi ya anga ya juu, hesabu ya Newton pekee hutoa kasi ndogo kuliko ilivyo. Hata hivyo, kuzikokotoa atomu zote 7 kwa kanuni za kwanta ni kazi nzito mno, kwani mpangilio wao huhitaji vigeu 15. Suluhisho mojawapo ni kugawana: haidrojeni inayohama hufuata kwanta, nyingine hufuata Newton.

3.0 Tatizo la Mpaka

Ugumu upo pale pande mbili zinapokutana. Njia inayoitwa kwa jina la Ehrenfest huzisukuma atomu za Newton kwa wastani wa nguvu za hali zote zinazowezekana. Udhaifu wake ataung'amua msafiri yeyote wa Nyamisati. Mkondo unapogawanyika, nahodha hashiki njia ya wastani. Akifanya hivyo ataparamia mikoko iliyo katikati. Vivyo hivyo, hesabu ya wastani huweza kuishia na kitu ambacho si methani wala maji.

Mwaka 1971 Tully na Preston walieleza njia nyingine, ambayo Tully aliiboresha mwaka 1990. Hapa kila safari hufuata hali moja tu, na huweza kurukia nyingine kwa kiasi cha uwezekano kilichokokotolewa. Safari nyingi hurudiwa, kisha matokeo huhesabiwa. Lakini kila mruko hulazimu mwendo wa atomu urekebishwe ili jumla ya nishati isibadilike, na kanuni ya marekebisho hayo huwekwa na mtafiti.

4.0 Hitimisho

Mpaka baina ya kwanta na Newton haukuchorwa na maumbile, bali na mkokotoaji. Kwa hiyo, kasi yoyote inayotajwa haina budi kuambatana na maelezo ya mahali mpaka ulipowekwa, na kulinganishwa na vipimo vya maabara kabla ya kuingizwa katika hesabu za methani ya delta au ya kwingineko.