Damu Chooni Isifichwe

Ndugu Wanachama,

Mtu akiona damu chooni husema, "Ni bawasiri," akanyamaza. Huenda ni kweli. Lakini huenda ikawa saratani ya utumbo mpana, nayo ikigunduliwa mapema mara nyingi hupona. Basi nenda hospitali. Aliye Tanga aende Bombo. Tiba ya mionzi hupatikana Ocean Road, Dar es Salaam.

Baada ya kupasuliwa, choo cha baadhi ya wagonjwa hupitia tundu la tumboni na kuingia katika mfuko. Si aibu. Mtu huyo hula, husafiri, na husali, akitawadha kwa kila faradhi. Ila asibebe gunia wala asipande mkarafuu mpaka daktari amruhusu.

Nasi wenzake tumchumie karafuu zake kabla hazijachanua.

Katibu