Kuutazama Mji wa Berlin kwa Tikiti Moja

Msomaji akiona kwamba makala hii yahusu Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, aweza kuuliza: Habari za mji wa mbali hivyo zamfaa nini mwanafunzi wa Bariadi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Tangu mwaka 1885 hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi yetu ilitawaliwa kwa amri zilizotoka katika mji ule. Mambo mengi tunayosoma katika somo la historia yalianzia huko, na baadhi ya vitu vilivyochimbwa katika ardhi yetu vingali huko mpaka leo. Tena wako vijana wa Tanzania waendao Ujerumani kwa masomo, na huenda mmoja wa wasomaji wa gazeti letu akawa miongoni mwao. Yafaa ajue mapema atazame nini, na afike vipi bila kumaliza fedha zake kwa teksi.

Kwanza tueleze vyombo vya usafiri. Berlin ina vyombo vikuu vya namna nne vya kuchukua abiria. Iko treni ipitayo chini ya ardhi, ambayo ilianza mwaka 1902. Vituo vyake vyatambulikana kwa herufi U nyeupe katika kibao cha rangi ya buluu. Iko treni ya mjini ipitayo zaidi juu ya ardhi. Alama yake ni herufi S nyeupe katika rangi ya kijani. Iko tramu, yaani gari la umeme lendalo juu ya reli zilizolazwa barabarani. Mwisho yako mabasi, na baadhi yake ni ya ghorofa.

Mtu aliyezoea stendi yetu ya Bariadi, ambapo basi la Mwanza huitiwa abiria kwa sauti kubwa, ataona ajabu moja huko: hakuna apigaye kelele. Saa za kuondoka zimeandikwa kituoni, na chombo huondoka saa yake ikifika, kikiwa kimejaa au kitupu. Hakuna kondakta wa kudai nauli, wala lango la kumzuia mtu asiye na tikiti. Lakini asidhani kwamba safari ni ya bure. Wakaguzi huingia wakiwa wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na anayekutwa hana tikiti hutozwa euro 60. Tena tikiti ya karatasi iliyonunuliwa kwenye mashine ya kituoni haitoshi. Sharti ipigwe mhuri katika kijisanduku kilicho karibu kabla ya kupanda. Wageni wengi hukamatwa kwa sababu hiyo, si kwa kuiba nauli bali kwa kutojua.

Tikiti ya kawaida hutumika kwa muda wa saa mbili, kwa kwenda mbele tu, si kwa kurudi. Atakaye kutazama mji kutwa nzima ni heri anunue tikiti ya saa 24. Kwa hiyo moja aweza kupanda treni, tramu na basi mara nyingi apendavyo. Mji umegawanywa katika maeneo matatu, A, B na C. Mahali pote tutakapopataja hapa pamo katika maeneo A na B.

Sasa tuanze safari. Tutaifuata njia moja ya treni ya chini, yaani U6, ambayo hutoka kusini kwenda kaskazini na kupita katikati ya mji. Tushuke kwanza katika kituo cha Unter den Linden. Hapo juu pana barabara kubwa yenye jina hilo, na kando yake pana chuo kikuu cha zamani. Mwaka 1887 chuo hicho kilifunguliwa idara ya lugha za mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa waliokuja kutawala kwetu. Walimu hawakuwa Wajerumani peke yao. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha huko katika miaka ya 1890, akaandika habari za maisha yake Berlin. Baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kwa hiyo lugha yetu ina zaidi ya miaka 100 katika mji ule.

Tukienda kwa miguu upande wa magharibi kiasi cha robo saa, twafika kwenye Lango la Brandenburg, lililomalizwa kujengwa mwaka 1791. Ukuta ulioutenga mji kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 ulipita mbele ya lango hilo, na watu hawakuweza kulipita mpaka ukuta ulipofunguliwa mwaka 1989. Siku hizo treni za U6 za upande wa magharibi zilipita chini ya Berlin ya Mashariki bila kusimama, isipokuwa katika kituo cha Friedrichstraße. Vituo vingine vilikuwa giza na vikilindwa na askari.

Karibu na lango hilo ipo barabara iitwayo Wilhelmstraße. Katika nyumba ya Bismarck iliyokuwa kwenye barabara hiyo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nyumba yenyewe haipo tena. Kuna kibao tu cha kueleza habari zake. Wengi husema kwamba wakubwa wale waliketi hapo wakaikata Afrika kwa rula. Hasa walichofanya ni kupatana juu ya kanuni za kujitwalia nchi, na mipaka mingi ikapigwa baadaye. Lakini jambo moja halina shaka: hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Na siku ya pili tu baada ya mkutano kwisha, mfalme wa Wajerumani alitoa hati ya kuzilinda nchi ambazo Carl Peters alidai kupewa kwa mikataba na wakubwa wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

Turudi katika U6, twende kaskazini mpaka kituo cha Naturkundemuseum, maana yake Makumbusho ya Viumbe. Katika ukumbi wake mkubwa imesimamishwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13. Mnyama huyo aliishi miaka milioni 150 iliyopita, na alichimbwa Tendaguru katika mkoa wa Lindi. Kazi ya kuchimba ilifanywa tangu 1909 hata 1913. Mamia ya watu wetu walichimba, wakafungasha, wakabeba mizigo kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Jumla ya mifupa ilikuwa zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mashuhuri aliitwa Boheti bin Amrani. Asije mtu siku ya Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo makumbusho hufungwa.

Nje ya makumbusho twaweza kupanda tramu namba M8 mpaka Rosenthaler Platz, karibu na barabara ya Brunnenstraße. Mbele ya nyumba namba 193 pana kijiwe chenye bamba la shaba, kilichowekwa chini mwaka 2007. Ni kumbukumbu ya Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alipokuwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani, na mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Hakuupata. Akakaa huko, akawa mhudumu wa hoteli, msaidizi wa kufundisha Kiswahili na mchezaji wa sinema. Utawala wa Hitler ulimkamata mwaka 1941 kwa sheria zake za ubaguzi wa rangi, akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mtu asiyetazama chini hupita bila kukiona kijiwe hicho.

Kituo chetu cha mwisho katika U6 ni Afrikanische Straße, yaani Barabara ya Afrika. Mtaani hapo mgeni wa kwetu atasoma majina ayajuayo: barabara ya Zanzibar, ya Tanga, ya Uganda, ya Kongo. Majina ya kwanza ya namna hiyo yalitolewa mwaka 1899, wakati Wajerumani walipojivunia makoloni yao. Barabara moja ilipewa jina la Peters mwaka 1939. Wakazi na Waafrika wa Berlin walibishana juu yake miaka mingi, na tarehe 23 Agosti 2024 jina hilo likaondolewa. Sehemu moja sasa yaitwa Maji-Maji-Allee, kwa heshima ya waliopigana vita vya 1905 hadi 1907. Sisi watu wa Simiyu tunaolima pamba tukumbuke jambo hili: kulazimishwa kulima pamba katika mashamba ya serikali, kwa ujira mdogo mno, ni moja ya sababu zilizowafanya watu wa kusini washike silaha.

Basi, msafiri ametumia tikiti moja, na ameona mengi. Lakini liko jambo ambalo tikiti haimwonyeshi. Katika maghala ya Berlin yaliwekwa mafuvu ya watu zaidi ya 1,000 yaliyotolewa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba, kwa kupima chembe za urithi, wamepata jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu hao huku kwetu. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea.

Juu ya mafuvu hakuna ubishi mkubwa: mtu huzikwa kwao. Juu ya mifupa ya Tendaguru wako wasemao irudishwe, na wako wasemao kwamba ingeweza kuharibika njiani, heri Lindi ipate faida nyingine. Wanafunzi wanaweza kulifanya jambo hili kuwa mada ya mdahalo. Lakini atakayesimama kusema na aje na habari kamili, si hasira peke yake. Asiyejua kilichochukuliwa hawezi kukidai, na asiyeandika habari za wazee wake atazisoma siku moja katika kibao cha mji wa mbali, zimeandikwa kwa lugha ya wengine.