Pointi Sita za Mtaro

Kaeni karibu, wanangu. Mpira huo uwekeni chini kwanza, hautakimbia.

Nilipokuwa rika lenu, timu yetu ilicheza na kijiji cha pili. Asubuhi ya mechi kocha alimnunulia refa soda mbili na maandazi. "Mkono mtupu haulambwi," akatuambia, nasi tukacheka. Kipindi cha pili tukapewa penalti ambayo hata sisi hatukuielewa. Niliipiga mimi. Kipa wao hakuruka. Alisimama pale pale akinitazama machoni, mpira ukampita. Mabao mengine yote niliyofunga nimeyasahau, ila hilo.

Soda mbili ni mwanzo tu. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi Mkenya, aliyekwisha kuteuliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi, alinaswa na kamera ya siri akipokea dola 600. Urusi hakwenda.

Sasa niwapeleke Mathare, bondeni Nairobi, mabati yalikobanana. Watoto wa huko walikuwa wakicheza mpira wa juala, zile karatasi za plastiki zinazoviringwa na kufungwa kamba. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliwatazama wakicheza, na hapo kikaanza chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA. Angeweza kugawa mipira, akapiga picha, akaenda zake. Wafadhili wa namna hiyo tunawajua. Hapa kukawekwa sharti: anayetaka kupewa, naye atoe jasho.

Sharti hilo likaingia hadi kwenye msimamo wa ligi. Ukishinda mechi, pointi 3. Timu yenu ikimaliza kazi ya usafi mtaani, pointi 6. Hebu pigeni hesabu! Ndiyo maana utawakuta mafowadi wamezama mtaroni hadi magotini, huyu ana reki, yule ana koleo, wa tatu anang'oa kiatu kilichooza kwenye tope jeusi huku wenzake wameziba pua.

Mtaniuliza, babu, mtaro na rushwa wapi na wapi? Rushwa hupenda pembeni, kwa kunong'onezana. Mtaro haunong'onezeki. Umezibuka au haujazibuka, na mama muuza mboga aliye kando yake ameona nani alishika koleo na nani alikaa kivulini. Pointi zikiandikwa, mtaa mzima ni shahidi.

Kuna utaratibu mwingine unaonipendeza zaidi. Vijana wanaojitolea kufundisha wadogo zao au kuchezesha mechi hujikusanyia pointi zao binafsi, na wenye nyingi husaidiwa karo. Karo hiyo haipiti mkononi mwa mtu, inalipwa moja kwa moja shuleni. Niliposikia nilicheka peke yangu: aliyebuni hilo aliijua vizuri mikono yetu, wakubwa kwa wadogo. Uwanjani nako, mbali na kadi mnazozijua, ipo ya kijani, ya mchezaji muungwana kuliko wote.

Msidhani uungwana huo uliwafanya wanyonge. Timu yao kubwa, Mathare United, iliundwa mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata wakubwa wa soka ya Kenya walivutana hadi FIFA ikaifungia nchi, mwaka 2004 na tena 2006. Mwaka 2008 vijana wa bondeni wakawa mabingwa wa Kenya.

Haya, chukueni mpira wenu. Lakini kabla hamjaondoka: zile pesa mlizochanga za jezi anazo nani? Mwendeeni leo, kwa heshima, mmwombe daftari mlione. Akiwa hana daftari, mnunulieni moja, na kila anayetoa aandikwe mbele ya wote.