Saini Moja, Misuli Mingi

Mtu anayetia saini kwenye fomu ya benki hutumia zaidi misuli midogo ya vidole na ya kifundo cha mkono, ilhali akiiandika saini hiyohiyo kwa chaki ubaoni, kwa herufi kubwa zinazoonekana hadi nyuma ya darasa, kazi huhamia kwenye kiwiko na bega. Hata hivyo mkia wa herufi ya mwisho hupinda vilevile, na anayeujua mwandiko wake hasiti kuutambua. Mwaka 1977 Marc Raibert, Mmarekani ambaye baadaye alipata sifa kwa kuunda roboti zenye miguu, alionyesha sentensi iliyoandikwa na mtu mmoja kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, kwa kalamu iliyobanwa menoni na hata kwa kalamu iliyofungwa mguuni: mistari ya mguu ilitetemeka, lakini mwandiko ulibaki wa mwenyewe.

Kinachohifadhiwa, basi, si orodha ya misuli bali umbo la mwendo. Wanasayansi hukiita programu ya mwendo, yaani mpangilio wa amri unaotayarishwa kabla kiungo hakijajongea. Neno hilo limeazimwa kwa mafundi wa kompyuta na halikai sawasawa, kwa kuwa ubongoni hakuna mahali pamoja palipowekwa programu kama faili. Mtafiti Richard Schmidt alipendekeza mwaka 1975 kwamba programu hiyo ni ya jumla, na kwamba ukubwa, kasi na kiungo kitakachotumika hujazwa wakati wa kutenda.

Haja ya kutayarisha mapema inatokana na kasi. Mwanasaikolojia Karl Lashley alieleza mwaka 1951 kwamba vidole vya mpiga piano huweza kupokezana hadi mara 16 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 60 hivi, ilhali habari za mguso au za macho huhitaji takriban milisekunde 100 au zaidi hadi zirudi zikiwa amri ya kusahihisha. Kosa likigunduliwa, vidole vimekwisha kupita.

Maeneo ya mbele ya gamba la ubongo hupanga mfuatano, ubongo mdogo ulioko kisogoni hukadiria matokeo na kurekebisha, na amri hushuka kupitia uti wa mgongo, nyingi zikivukia upande wa pili njiani. Basali ganglia, mafundo ya neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo, husaidia kuachilia mwendo na kuupa kiasi chake. Ugonjwa wa Parkinson, unaoyapunguzia mafundo hayo dopamini, huonyesha mgawanyo huo waziwazi: mgonjwa huanza mstari kwa herufi za kawaida, kisha herufi husinyaa neno baada ya neno hadi kuwa kama punje za ulezi, ingawa umbo lake halijapotea. Akichorewa mistari ya kumwonyesha kimo cha herufi, mara nyingi mwandiko hurudia ukubwa wake.