Bata wa makombo: msosi wa bure unaoweza kumaliza banda zima

Ukipita Mbagala, Chamazi, Yombo, au upande wa pili kule Tegeta na Bunju, utakuta vijana kibao wanafuga bata. Na wana sababu. Mdondo ukiingia kwa kuku, banda linabaki manyoya, lakini bata anaweza kuwa na kirusi hicho hicho asionyeshe dalili yoyote (ndiyo maana si vizuri kumlaza na kuku, atawaambukiza kimya kimya). Halafu hawa bata wetu wenye nyama nyekundu usoni wanalalia wenyewe siku 35 na kutotoa, hakuna mambo ya mashine wala umeme.

Ishu ni msosi. Bata anakula jamani! Ukimlisha chakula cha dukani tangu kifaranga mpaka unamuuza, hesabu inagoma. Ndiyo maana watu wamehamia kwenye makombo: ukoko na wali wa mama lishe, maganda ya viazi ya wakaanga chipsi, mikate iliyolala, mabaki ya mchicha na kabichi pale Tandika au Stereo. Mimi naunga mkono kabisa, maana vinginevyo hivyo vitu vinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi vikinuka njia nzima. Ila kuna kitu kimoja wengi hawaambiwi, na ndicho kinachoweza kumfanya mtu alale na bata thelathini, baada ya siku chache abaki na sita. Kitu chenyewe ni kuvu.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 ndani ya miezi michache. Ugonjwa haukujulikana, wakaupa jina la X. Kufuatilia, kumbe walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yenye kuvu. Kipindi hicho hicho vifaranga wa bata walikuwa wanakufa Kenya na Uganda, nao kwa mashudu ya karanga. Hapo ndipo ikajulikana aflatoksini, ambayo siku hizi tunaiita sumukuvu. Na unajua wataalamu wa enzi hizo walipimaje kama chakula kina sumu hiyo? Walimpa kifaranga wa bata wa siku moja, wakasubiri. Katika ndege wa kufugwa, huyo ndiye anaumia haraka zaidi. Kiasi ambacho kuku anakula na kuendelea na safari zake, kifaranga wa bata kinamlaza chali.

Sumu ni ile ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, na wapatao 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo tusichukulie poa.

Sasa utamsikia mtu anasema "mimi nachemsha, sina wasiwasi". Kuchemsha ni muhimu, tena sana kama kwenye makombo kuna nyama au mayai. Waingereza walipiga marufuku kulisha nguruwe makombo ya jikoni mwaka 2001, baada ya ugonjwa wa miguu na midomo kuanzia kwenye banda la nguruwe waliolishwa makombo yasiyochemshwa sawasawa. Lakini moto wa jikoni unaua kuvu tu, sumu iliyokwisha kutolewa inabaki humo humo kwenye uji wako. Na kukata kipande cha mkate chenye ukungu ukabakiza kingine ni kujidanganya, maana nyuzi zake zinapenya ndani ambako huzioni. Mkate wenye ukungu tupa wote.

Hapa niwaguse wanaonunua pumba za mahindi. Mahindi yenye sumukuvu yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba. Yaani wewe unakula sembe nyeupe, bata wako anakula kile kilichobaki! Pumba ikinuka uvundo au ikigandana mabonge, achana nayo hata kama unapewa bure. Na ikiwa nzima, gunia lisikae sakafuni, hasa masika. Weka juu ya mbao.

Kwa makombo, mpelekee mama lishe ndoo yenye mfuniko, mwombe atenge mifupa, vijiti na mifuko, kisha uchukue siku hiyo hiyo. Kilichotiwa chumvi nyingi suuza kwanza. Bata wana tabia ya kubeba maji mdomoni na kuyamwaga kwenye chakula, kwa hiyo kinachacha upesi. Jioni mwaga kilichobaki, osha chombo. Wale wanaoacha nyama ioze ili wapate funza, acheni: kuna sumu nyingine humo inayolegeza shingo, bata anashindwa kuinua kichwa, akiwa majini anazama.

Vifaranga wa chini ya wiki tatu usiwape makombo, wape chakula cha vifaranga. Ugali na wali vinashibisha tu, havijengi, na bata anahitaji vitamini ya niasini kuliko kuku. Akiikosa miguu inapinda. Hata wakubwa waongezee dagaa, mashudu ya alizeti na majani.

Ukiona hawali, wanachechemea, miguu inageuka zambarau, wengine wanatupa shingo nyuma na kutetemeka, simamisha hicho chakula saa hiyo hiyo. Tafadhali usichinje ukapeleka sokoni, sumu hukaa kwenye ini. Chukua aliyekufa punde, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, peleka Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke Veterinari pamoja na kimfuko cha chakula alichokula. Daladala zinapita hapo hapo.

Mwenye uzoefu wa kulisha bata machicha ya bia atuwekee hapo chini: unachanganya kwa kipimo gani, na yanakaa siku ngapi kabla ya kuchacha?